Damu ya Ami Haigandi? Kilichomo Ndani ya Plazma ya Mgonjwa wa Ini

Simu iliingia saa nne na robo usiku, ndio kwanza nimevua koti. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa hata akikaa huku miaka mingi kama mimi, baridi ya Julai haizoei. Aliyepiga alikuwa binti wa ami yangu.

"Kaka," akasema, "wanasema damu ya baba haigandi. Wanataka mifuko minne ya plazma ndio wamtoe maji ya tumbo. Tunatafuta tangu juzi. Huko kwenu hakuna?"

Ami ana ugonjwa wa ini. Virusi vya homa ya ini aina B vilikaa mwilini mwake miaka na miaka, yeye mwenyewe hana habari, mpaka ini likajaa makovu na kuwa gumu. Tumbo lilikuwa limejaa maji, limevimba kama ngoma, akilala chali hapati pumzi. Siku tatu alikuwa akingoja mifuko minne. Hospitali siitaji, na wala si lengo langu kumshtaki mtu. Yaliyompata ami yanatokea mahali pengi, na chanzo chake ni jambo ambalo wengi wetu hatujaelezwa vizuri.

Mimi kazi yangu ni maabara, upande wa damu. Si daktari, na haya niandikayo hayachukui nafasi ya daktari. Plazma ya kumpelekea ami sikuwa nayo, tena kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 800. Nilichokuwa nacho ni swali moja tu, nikamwambia binti ami akamuulize daktari asubuhi: hiyo plazma ni ya kuzuia damu inayotoka, au ni ya kurekebisha namba iliyo kwenye karatasi?

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa.

Ukichota damu ukaitia kwenye kichupa chenye sitrati, sehemu moja ya sitrati kwa sehemu tisa za damu, haitaganda, kwa sababu sitrati inashika kalisiamu, na bila kalisiamu kazi ya kuganda haianzi. Ukiizungusha kwenye mashine, inajitenga. Chembe nyekundu zinakaa chini, na juu yanabaki maji ya manjano kama samli iliyoyeyuka. Hayo ndiyo plazma. Ya mgonjwa wa ini mara nyingi utaitambua kwa macho, imekolea kama maji ya binzari kwa sababu ya nyongo iliyokosa njia.

Ndani ya maji hayo mna protini za kugandisha damu, na karibu zote zinatengenezwa na ini. Ini likiwa ndio kiwanda, kiwanda kikiharibika bidhaa zinapungua. Hadi hapo kila mtu anaelewa. Ugumu unaanza unapouliza ni bidhaa zipi zimepungua, kwa kiasi gani, na je, zile chache zinazotoka ni nzima? Jibu la maswali hayo halikupatikana kwa kumtazama mgonjwa. Ilibidi watu wazitoe protini hizo kwenye plazma, moja moja, wazipime.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Eldoret tulifanya jaribio dogo ambalo sijalisahau. Unachukua plazma, unatia unga mweupe wa bariamu, ule ule ambao mtu hunyweshwa kabla ya kupigwa picha ya tumbo. Unakoroga, unangoja, unazungusha mashine. Unga unazama chini, na umezama na kitu: protini namba 2, 7, 9 na 10. Zimeng'ang'ania bariamu kwa sababu zina makucha yaliyoumbwa kushika kalisiamu, na bariamu ni jamaa wa kalisiamu. Kisha unauosha ule unga kwa sitrati, na protini zinaachia. Plazma iliyobaki juu bado ina namba 5, namba 8 na fibrinojeni, ambayo ndiyo inayogeuka kuwa nyuzi za donge lenyewe. Kwa unga wa bei ndogo tu umegawanya kundi kubwa mara mbili.

Makucha yale hayaji yenyewe. Protini namba 2, iitwayo protrombini, inazaliwa bila makucha. Ini ndilo linaloipachika 10, na kwa kazi hiyo linahitaji vitamini K. Herufi K yenyewe ina kisa. Henrik Dam wa Copenhagen alikuwa akilisha vifaranga chakula kisicho na mafuta, akaona wanavuja damu chini ya ngozi. Kitu kilichowaponya akakiita vitamini ya "Koagulation", yaani kuganda, na mwaka 1943 yeye na Mmarekani Edward Doisy wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa fikiria plazma ya mtu asiye na vitamini K, au ambaye ini lake limechoka kiasi cha kushindwa kupachika makucha. Ukiitia bariamu, protrombini isiyo na makucha haishiki. Inabaki ikielea juu, ipo lakini haifai kitu. Mwaka 1984 watafiti wa Boston walipima protrombini hii mbovu kwa wagonjwa 76 wenye saratani ya ini, wakaikuta kwa 69 kati yao. Uvimbe wenyewe ulikuwa ukiimwaga kwenye damu. Leo kuna maabara duniani zinazoipima kama dalili ya saratani hiyo. Hebu ona: protini iliyoshindwa kazi ya kugandisha imepewa kazi ya kutoa habari.

Fibrinojeni nayo ina mambo yake. Hii haihitaji bariamu, inatolewa kwa baridi. Judith Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mwaka 1964 kwamba plazma iliyogandishwa kwenye friza, ukiiyeyusha polepole ndani ya friji, huacha chini utando mweupe mzito. Utando huo una fibrinojeni, protini namba 8, namba 13 na nyingine iitwayo von Willebrand. Ukimwaga maji ya juu unabaki na dawa ambayo watu wa maabara tunaiita krayo kwa kifupi. Haihitaji kiwanda. Inahitaji friza nzuri, mashine ya kuzungusha yenye baridi, na umeme usiokatika, na hilo la mwisho ndilo mtihani kwetu.

Watafiti wa miaka ya 1970 walipoitoa fibrinojeni ya wagonjwa wa ini waliona ajabu. Kwa wengine haikuwa imepungua hata kidogo, lakini nyuzi zake zilikuwa zikishikana kwa uvivu. Kumbe ini lililougua liliipaka sukari ya aina fulani kupita kiasi, asidi ya sialiki, na sukari hiyo ina chaji za umeme zinazofanya nyuzi zisukumane. Wakaiondoa sukari ya ziada kwa kimeng'enya, na fibrinojeni ikaganda kama ya mtu mzima. Kwa hiyo ini linaweza kutoa bidhaa kwa wingi na bado ikawa bidhaa mbovu.

Na namba 8? Hapa ndipo watu wengi, hata wa fani yetu, hukosea. Kwa mgonjwa wa ini namba 8 haipungui. Mara nyingi hupanda, kwa sababu inatengenezwa na ngozi nyembamba ya ndani ya mishipa, hata ile iliyo ndani ya ini, wala si na seli kuu za ini. Ndiyo sababu maabara inaweza kuitumia kama kipimo: namba 7 ikiwa chini na namba 8 ikiwa juu, ini ndilo la kutazamwa.

Sasa turudi kwa karatasi ya ami. Juu yake iliandikwa INR 2.1. Mtu mzima huwa karibu na 1. Kipimo hicho kinatokana na kile alichobuni Armand Quick mwaka 1935: unachukua plazma, unaipa kichocheo na kalisiamu, unahesabu sekunde hadi donge litokee. Plazma ya ami ilichelewa. Ndipo likaja neno "damu haigandi", ambalo kwa masikio ya familia lina maana moja tu, kwamba ukimchoma sindano atatoka damu mpaka afe.

Ile protini ya makucha inayonaswa na bariamu haiji peke yake. Unga ule ule unanasa breki pia. Protini C na protini S, kazi yao ni kuzuia damu isigande kupita kiasi, nazo zina makucha, nazo zinatengenezwa na ini kwa vitamini K. (Protini C iliitwa C kwa sababu ilitoka katika fungu la tatu, A, B, C, wakati plazma ya ng'ombe ilipokuwa ikichujwa. S ni ya mji wa Seattle. Wanasayansi hawana ushairi.) Breki nyingine kubwa, antithrombini, nayo ni mtoto wa ini.

Basi ini likichoka, mafuta yanapungua na breki zinapungua pamoja. Gari halikimbii sana, wala halisimami ovyo. Kipimo cha INR kinapima mafuta tu, breki hakizioni. Mwaka 2005 Armando Tripodi na wenzake huko Milan walichukua plazma ya wagonjwa wenye makovu ya ini wakaipima kwa njia inayoziamsha breki nazo zifanye kazi, kama zinavyofanya ndani ya mishipa. Uwezo wa plazma hiyo kugandisha ukatoka sawa na wa watu wazima. Karatasi ilikuwa inasema hivi, plazma yenyewe inasema vingine.

Kuna jingine. Hesabu ya INR ilitengenezwa, na Shirika la Afya Duniani likaikubali mwaka 1983, kwa ajili ya watu wanaotumia dawa ya warfarini. Haikutengenezwa kwa wagonjwa wa ini. Plazma moja ya mgonjwa wa ini ukiipeleka kwenye maabara mbili zenye vichocheo tofauti unaweza kupata namba mbili tofauti. Namba hiyo inafaa sana kuonyesha ini limechoka kiasi gani. Kutabiri nani atatoka damu kwa kuchomwa sindano, hapo ni dhaifu.

Msomaji atauliza, lakini wagonjwa wa ini si hutapika damu? Hutapika, tena vibaya. Ila mara nyingi chanzo ni bomba, si maji yaliyomo. Ini gumu huziba njia ya damu itokayo matumboni, shinikizo linapanda, mishipa ya umio inavimba na siku moja inapasuka. Wenyeji wa Ziwa Victoria wanaijua hali hii kwa kichocho cha matumbo, ambapo ini bado linatengeneza protini zake vizuri na mtu anatapika damu vilevile. Dawa ya hapo ni kushusha shinikizo na kufunga ile mishipa kwa mpira kupitia kamera. Bandama nayo ikivimba hukusanya chembe sahani, zile ndogo zinazoziba tundu mwanzo kabla protini hazijafika.

Na hapa plazma inaweza hata kudhuru. Kipimo cha kawaida ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili, yaani kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 600 hadi 900. Yote hayo yanaingia kwenye mabomba ambayo tayari yana shinikizo. Protini namba 7, ambayo ndiyo inayosukuma sana namba ya INR, nusu yake huisha mwilini kwa muda wa saa nne hadi sita. Umempa mgonjwa maji mengi ili karatasi ipendeze hadi jioni. Ndiyo maana miongozo ya wataalamu wa ini sasa haipendekezi kumpa mtu plazma kama desturi kabla ya kumtoa maji ya tumbo. Akiwa anatoka damu kweli, au anakwenda upasuaji mkubwa, hilo ni jambo jingine na daktari ndiye wa kuamua. Huenda akahitaji krayo, chembe sahani, plazma au vyote.

Lipo jambo rahisi zaidi ambalo hufaa kuulizwa kwanza: je, amepewa vitamini K? Nyongo ikiziba, au mtu asipokula vizuri kwa wiki kadhaa, au akimeza dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu, vitamini K inapungua hata kama ini bado lina nguvu. Sindano ikishusha INR kwa siku moja au mbili, umejua kwamba upungufu ulikuwa wa vitamini. Isiposhuka, umejua ini ndilo lenye shida. Ni dawa na kipimo kwa wakati mmoja, na bei yake hailingani na mfuko mmoja wa plazma.

Kuna watu huniuliza, kwa nini basi protini hizi zisitolewe kwenye plazma nyingi na kuwekwa kwenye vichupa kama dawa? Hutolewa. Edwin Cohn wa Harvard alionyesha njia miaka ya 1940, kwa pombe na baridi, wakati wa vita. Kiwanda cha karibu ninachokijua kiko Pinetown, kando ya Durban. Kwetu Kenya hakuna. Lakini plazma ya mgonjwa wa ini haitumiki kutengenezea dawa, ya kwake ni ya utafiti tu, maana protini ni chache na virusi huenda vimo. Dunia ilijifunza kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, dawa za protini namba 8 zilizochanganywa kutoka kwa maelfu ya watu ziliwapa wenye hemofilia huko Ulaya na Marekani virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina C. Mtu alitibiwa damu akaharibiwa ini. Baadaye viwanda vikaanza kuziua virusi hizo kwa joto na kwa kemikali. Hapa Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina kliniki ya hemofilia, na vijana wanaokuja pale wanatumia dawa zilizopita kwenye mkono huo wa usalama.

Sisi huku juu tuna jingine la kutuhusu, mahindi. Uasin Gishu ni ghala la nchi, na mahindi yakihifadhiwa na unyevu hupata kuvu ile yenye sumu, aflatoksini. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 wakafa, ini likizimika kwa muda mfupi. Kwa watu wa namna hiyo hakuna miaka ya kuzoea. Mafuta yanaisha ghafla, namba 7 ikitangulia. Na kwa aliye na virusi vya aina B, aflatoksini ya kidogo kidogo huzidisha sana hatari ya saratani ya ini. Sima ya Pwani nyingi inatokana na mahindi yanayopita barabara hii hii.

Asubuhi yake binti ami aliuliza lile swali. Daktari wa zamu, kijana mwingine, akaangalia karatasi, akamwangalia ami ufizi na ngozi, hakuona dalili ya kutoka damu. Akasema plazma haihitajiki. Mchana wakamtoa lita nne. Tundu likafunikwa kwa pamba na plasta, na usiku ule ami akalala chali, mara ya kwanza kwa wiki mbili. Vitamini K alipewa pia. INR ilishuka hadi 1.9, basi. Ini ni lile lile, na ameanzishiwa dawa ya kukandamiza virusi ambayo atameza kila siku.

Mifuko miwili ambayo jamaa walikuwa wamekwisha kuipata, binti ami aliniuliza wairudishe wapi. Nikamwambia waiache benki ya damu, kuna mama mzazi atakayeihitaji kabla ya Ijumaa.

Kisha nikamuuliza kuhusu watoto wote wa nyumba ile. Chanjo ya homa ya ini aina B iliingia kwenye chanjo za watoto wachanga Kenya mwishoni mwa mwaka 2001. Wale wadogo wawili walizaliwa baada ya hapo, na kadi zao zipo. Yeye alizaliwa 1996, kaka yake 1993. Walikwenda kupimwa Jumatatu. Yeye hana, ameanza sindano tatu za chanjo. Kaka yake anavyo, na ini lake bado ni laini.